Filamu Isiyofika Ziwani

“Nilikuletea safari, wewe umenirudishia mapaja,” alisema Pasi, akaipiga meza ya fundi kwa kiganja mpaka bisibisi zikaruka. “Mapaja, sakafu ya gari na giza la mkoba. Saa nzima na nusu. Safari yangu umeipeleka wapi?”

Fundi wa kuhamisha kanda, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakupandisha sauti. Alikwishazoea kulaumiwa kwa harusi za watu wengine.

“Mama, mimi sipigi picha. Mimi nahamisha tu, natoa kwenye kanda naweka kwenye flashi. Ulichoniletea ndicho nilichokupa.”

“Mimi nilileta ziwa.”

“Humu hamna ziwa.”

“Lipo. Nililipiga mwenyewe, nusu saa, mkono ukaniuma.”

“Basi mkono uliuma bure.”

Pasi alivuta kiti bila kukaribishwa, akakaa. Fundi akajua kwamba asubuhi yake imekwisha.

Pasi si jina alilopewa na wazazi wake, lakini ana miaka ishirini na miwili katika dobi kubwa inayofua mashuka ya hoteli na hospitali, na miaka yote hiyo amekuwa upande wa kunyoosha, kwa hiyo jina limemganda. Ni mwembamba, mdomo mkali. Akikaa mahali hawezi kuacha kukunja kitu: gazeti, leso, risiti ya fundi. Mumewe alihama nyumba zamani, na yeye husema kitu alichokikosa ni mtu wa kufikia rafu ya juu. Watoto hakujaliwa. Rafiki alijaliwa mmoja, na huyo alikuwa anamtosha na kumzidi.

Rafiki mwenyewe ni Povu. Huyu alikuwa upande wa majimaji, kwenye mashine za kufulia, mwanamke mpana mwenye sauti ya kupita juu ya ngoma sita zikizunguka. Mdomo wake haukuwa na kituo. Katika dobi ile upande wa maji na upande wa pasi hawapatani. Wa maji huona wa pasi wanafanya kazi ya kibibi, na wa pasi huona wa maji wanawaletea mashuka yaliyosokotwa kama kamba. Hawa wawili walianza kwa kutukanana juu ya shuka moja, wakatukanana mwezi mzima, na mwezi ulipokwisha walikuwa hawawezi kula chakula cha mchana mbalimbali.

Miaka sita iliyopita Povu aliachiwa pikapu na kaka yake marehemu. Akajifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na mitano, kwenye uwanja wa nyuma wa dobi, na nguzo za kamba za kuanikia alizigonga mara mbili. Alipopata leseni akasema, “Mimi nimefua taulo za watu wanaotoka kuogelea ziwani maisha yangu yote. Nataka na mimi nikalione hilo ziwa lao.” Wakaomba likizo wiki moja, wakaazima kamera ya mpwa wake Pasi, mpiga video wa harusi, wakaondoka. Siku nne kwenda na kurudi. Waliporudi mpwa alikuwa anasubiri kamera mlangoni. Akaitoa kanda ndani yake, akamwachia Povu, na wiki ile ile akaenda kutafuta maisha ng’ambo. Kanda ikakaa kabatini. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kuichezea, na hakuna aliyekuwa na haraka. Walikuwa wote wawili wazima. Safari walikuwa nayo vichwani, na waliisimulia dobi nzima mpaka watu wakaichoka.

Miezi mitano iliyopita Povu alianguka katikati ya mashine ya tatu na ya nne, shuka mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao, yeye wa kusema kuliko watu wote. Siku moja Pasi alipokwenda kumtazama, alimkuta anaelekeza mkono wa kushoto kabatini. Binti yake akatoa blanketi, sivyo. Akatoa sanduku la dawa, sivyo. Akatoa viatu, na vyote vilivyokuwa mle, mpaka ikatoka kanda, na mkono ukashuka.

“Unataka kuiona safari yetu?” Pasi aliuliza.

Povu alifumba macho akayafumbua.

“Nitakuletea. Utaliona ziwa humu humu kitandani.”

Ndiyo sababu meza ya fundi ilipigwa.

“Hebu nieleze,” alisema fundi. “Mlikuwa mnaibonyezaje?”

“Kama alivyotufundisha mpwa wangu. Bonyeza hapa kuwasha, bonyeza hapa hapa kuzima.”

“Na kioo kilikuwa kinaonyesha nini?”

“Kioo kilikuwa kimekufa. Tulikuwa tunatazama taa.”

“Taa ipi?”

“Si ile nyekundu. Ikiwaka nyekundu tunajua imesimama, tunaiweka chini. Ikizimika tunajua inafanya kazi, tunapiga.”

Fundi alivua miwani. “Mama, nani aliwaambia nyekundu ni kusimama?”

Pasi alimtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza maji yana rangi gani. Mashine za pale kazini zina taa mbili usoni. Ya kijani ikiwaka, ngoma inazunguka, usiguse mlango. Nyekundu ikiwaka, ngoma imesimama, njoo utoe nguo. Miaka na miaka wameishi kwa taa hizo. Mara ya kwanza walipoibonyeza kamera na ikawaka nyekundu, Povu ndiye aliyesema, hiyo imegoma, bonyeza tena.

“Kwenye kamera,” alisema fundi polepole, “nyekundu ndiyo inarekodi.”

 Mikono ya Pasi iliikunja risiti mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka haikukunjika tena.

“Kwa hiyo kila mlipopiga, haikupiga,” fundi aliendelea, maana mafundi hawajui kunyamaza. “Na kila mlipoweka chini, ikawa inapiga. Kanda ikaisha siku ile ile ya kwanza, kabla ya jioni.”

“Baadaye taa haikuwaka tena kabisa,” alisema Pasi. “Tukafurahi. Povu alisema kamera imeshatuzoea.”

Ziwani walipiga mpaka jua likawachoma. Povu aliingia maji ya magoti, akageuka, akapunga mkono, akasema maneno marefu mbele ya mashine isiyosikia. Pasi alimwambia rudi nyuma kidogo, uso hauonekani vizuri. Akarudi. Mambo yote hayo hayapo mahali popote duniani, isipokuwa katika kichwa cha mtu asiyesema na kichwa cha mtu anayezeeka.

Alilipa, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alichomeka flashi kwenye televisheni yake ndogo, saa tisa za mchana, Jumamosi, pazia limefungwa. Kwa fundi alikuwa ameona kipande tu akapandwa na hasira. Sasa alikaa kuitazama yote. Kutazama kwenyewe kulikuwa shida: goti, zulia la gari, kamba ya ndala, goti tena. Picha ilikuwa inatetemeka na ina chenga kama unga. Lakini sauti ilikuwa safi. Kamera ikikaa mapajani mwake husikia kila kitu.

“Gia inalia.”

“Hailii, inaimba. Wewe umezoea kupanda vya watu.”

“Povu, yule mzee wa baiskeli ametupita.”

“Mwache apite. Ana haraka ya kufa.”

Halafu kicheko, chake Pasi mwenyewe, kicheko cha kijinga cha mtu asiyejua anasikilizwa. Alishangaa kwamba aliwahi kucheka vile.

Dakika ya hamsini na kitu walisimama kando ya barabara, kamera ikawekwa juu ya boneti, na hapo, kwa bahati tu, ikamtazama Povu. Uso wote, umelala ubavu kwa sababu kamera ililala ubavu. Anamenya yai la kuchemsha. Analitia chumvi. Anamega nusu, anainyoosha kwa mtu asiyeonekana, anasema, “Chukua, usinitazame hivyo kama paka wa buchani.” Nusu dakika. Pasi aliirudia mara tisa, shingo ameilaza begani ili uso usimame wima.

Angeliacha hapo. Lakini kanda iliendelea, na gari likaondoka, na mapaja yakarudi.

“Pasi.”

“Nini.”

“Kisogo hiki. Humu ndani kuna kitu kinagonga kama ngoma ya kukamulia.”

“Ni hiyo redio ya gari.”

“Redio haiwaki tangu kaka yangu afe.”

“Basi ni mdomo wako unakurudia.”

Wakacheka. Kisha sauti ya Povu, chini kidogo, ile ambayo hakuitumia kazini.

“Nasema kweli, mwenzangu. Juzi kizunguzungu kimenipiga nikashika mlango wa mashine. Kliniki ya presha ni Jumatatu tu. Nishikie zamu Jumatatu tukirudi. Si nakudai moja?”

“Unanidai.”

“Basi.”

“Nitakushikia. Sasa tazama barabara, usitupeleke kliniki wote wawili.”

Pasi alizima televisheni. Alikaa mbele ya kioo cheusi, mikono juu ya mapaja yale yale.

Pale dobi mtu akitaka siku haendi kwa msimamizi. Anakwenda kwa mwenzake, anamwambia nishikie zamu. Atasimama mahali pake siku hiyo, na siku nyingine atarudishiwa. Hakuna daftari, kila mtu anajua anamdai nani. Povu alimshikia Pasi siku aliyokwenda kumzika mama yake. Jumatatu, siku ya mashuka ya hoteli ya wiki nzima, siku ambayo hata ukikata kidole hupewi ruhusa, Povu alitoka upande wake wa maji akasimama kwenye pasi, akaungua mkono, akasema hakuna neno.

Na Jumatatu waliporudi kutoka ziwani? Pasi alikumbuka yote kwa mpigo mmoja. Wiki ile alikuwa anachaguliwa kiongozi wa meza ya pasi. Alitaka msimamizi amwone amesimama penye meza, aproni nyeupe, mbele ya wote. Alimwambia Povu, wiki ijayo. Wiki iliyofuata alikwishachaguliwa, na kiongozi hawezi kuiacha meza. Povu aliuliza mara mbili. Mara ya tatu hakuuliza. Kliniki hakwenda, na Pasi akasahau kabisa, akala naye chakula cha mchana kwa miaka sita, anamchambua kwa unene, anamchambua kwa chumvi, na neno lile halikupita kichwani mwake hata siku moja. Aliyesahaulika alikuwa anamwona kila siku, na hakumkumbusha.

Alimpigia simu fundi.

“Unaweza kukata kipande?”

“Naweza, mama. Kutoka wapi mpaka wapi?”

Pasi alifungua mdomo aseme kutoka pale Povu anaposema kisogo. 

“Mama, upo?”

“Nipo. Acha ilivyo.”

Jumapili baada ya chakula alikwenda kwa Povu, flashi kwenye mkoba na televisheni ndogo kifuani, kaifunga kwa kanga. Chumba kilinukia dawa ya kusugulia. Binti yake Povu, msichana wa miaka ishirini na mitano aliyechukua mashine ya mama yake ili nafasi isipotee, alimpokea kwa adabu kavu.

“Shikamoo, mama mdogo. Weka hapo kwenye stuli.”

“Marahaba. Amekula?”

“Uji. Kidogo.”

Povu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, nusu ya uso imeshuka kama shuka lililotoka kwenye kamba. Pasi alimkalia karibu, akamweleza mambo ya taa, moja kwa moja, bila kuficha. “Tumerekodi kinyume, mjinga wewe. Wewe na nyekundu yako. Ziwa halimo.”

Nusu ya mdomo wa Povu ilipanda. Kooni pakatoka sauti, na Pasi alijua ni kicheko, maana alikuwa amekisikia jana.

Wakatazama. Kwa kweli wakasikiliza. Binti aliacha kukunja nguo, akasimama mlangoni, maana hakuwa ameisikia sauti ya mama yake miezi mitano, na sasa hiyo, inamtukana mzee wa baiskeli. Midomo ya Povu ilikuwa inakwenda pamoja na sauti, kwa upande mmoja, ikichelewa. Mwanzoni ilionekana kama anafurahi. Baada ya nusu saa Pasi aliona jinsi ilivyokuwa inakazana, inatafuta neno, neno limekwishapita, inatafuta linalofuata. Akatamani kuzima. Lilipofika yai, Povu aliacha kujaribu. Alimtazama mwanamke wa kwenye kioo kama mtu anavyomtazama jirani aliyehamia nyumba nzuri.

Kisha gari likaondoka. Pasi alichukua rimoti. “Kilichobaki ni mapaja tu,” alisema. “Tuishie hapa.”

Mkono wa kushoto wa Povu ulimkamata kifundo. Ulikuwa bado mkono wa mtu aliyekamua mashuka miaka yote. Ukamshika hapo hapo, rimoti hewani, mpaka maneno yote yakatoka: kisogo, redio, kizunguzungu, nishikie zamu, si nakudai moja, unanidai, nitakushikia.

Kisha mkono ukamwachia, na Povu akainua kidole kimoja.

“Anataka maji,” alisema binti, lakini hakuenda kuyaleta.

“Hataki maji,” alisema Pasi.

Kidole kilibaki juu. Hakikuwa na hasira. Kilikuwa kinahesabu tu: moja. Alikuwa ameishika kichwani muda wote, wakati wa chumvi, wakati wa masihara, wakati wa kuanguka kwenyewe labda.

“Nilisahau,” alisema Pasi. “Wallahi nilisahau. Sina cha kujitetea.”

Povu alimtazama bila kupepesa. Binti alikuja akazima televisheni, akachomoa flashi, akaiweka kwenye kiganja cha Pasi.

“Kesho ni kliniki,” alisema, anatazama ukuta. “Jumatatu mbili tumekosa. Msimamizi hatoi ruhusa, na pale kila ninayemwomba ana sababu.”

“Kesho mpeleke. Nitasimama mimi kwenye mashine.”

“Wewe ni kiongozi wa meza. Na mimi sikukuomba, mama mdogo.”

“Hukuniomba wewe.”

Jumatatu alifika mapema, akaivua aproni nyeupe, akaikunja, akaiweka juu ya meza yake mwenyewe. Akavaa buti za mpira za binti, zilizombana vidole, akavuka kwenda upande wa maji. Wanawake wa pasi waliacha kunyoosha. Wa maji walipeana macho. Msimamizi alikuja na orodha yake.

“Umepotea njia?”

“Nashika zamu.”

“Ya nani?”

“Ya Povu.”

“Povu hayuko kazini tena. Hapo ni pa binti yake.”

“Basi andika unavyotaka.”

“Na meza yako?”

“Meza ina miguu minne, itasimama.” Alisema hivyo, lakini sauti haikuwa na ukali wake. “Ukitaka uniondoe uongozi, niondoe kesho. Leo niache.”

Msimamizi alimtazama kidogo, akaenda.

Siku nzima Pasi alisimama kati ya mashine ya tatu na ya nne. Mashuka yaliyojaa maji ni mazito, hakuwahi kuyabeba hata ujanani. Saa nne mgongo ulikuwa umekataa. Saa sita mikono ilikuwa imekunjamana na kuwa myeupe, na dawa ya kufulia imemwingia kwenye mikato ya kucha. Alikuwa akitazama mlango kila ulipofunguka. Alijiambia kwamba watu wa kliniki wana dawa mpya siku hizi. Alijiambia kwamba miaka sita si mingi. Hakuna aliyekuwepo wa kumkatalia, na bado hakujiamini.

Binti alirudi saa kumi kasoro robo, mama yake amemwacha na jirani. Alisimama pembeni ya mashine ya nne, viatu vikavu, mkoba umebanwa kwapani.

“Wamesemaje?” Pasi aliuliza.

“Wametupokea vizuri. Daktari alikuwa mtu mwema.” Aliuhamishia mkoba kwapa la pili. “Kasema tusijisumbue tena kuja kila Jumatatu. Kasema tukae naye tu nyumbani, ale anachotaka. Hata chumvi.”

Mashine ya tatu ikatulia. Pasi aliufungua mlango, akaanza kuyatoa mashuka, moja baada ya jingine, akiyatupia kwenye kikapu. Binti akainama kushika ncha ya pili ili wayakunjue.

“Acha,” alisema Pasi. “Zamu haijaisha. Ondoka, kakae na mama yako. Mwambie ile moja nimeirudisha.”

Binti aliiachia ncha ya shuka, akaondoka. Zilikuwa zimebaki ngoma mbili. Pasi alizitoa zote.